Kila Neno na Mahali Pake

Mkulima mmoja wa nyanda za juu alikuwa na ng'ombe wa maziwa wanne. Aliyewapita wote alikuwa mweusi, mkubwa na mpole, na maziwa yake ndiyo yaliyolipa karo ya binti yake katika shule ya sekondari. Siku moja ya Jumatatu, ng'ombe huyo alipokuwa akivushwa barabara kurudi zizini, lori la kampuni moja lilikuja kwa mwendo wa kasi likamgonga. Alivunjika mguu, na jioni ile ile ikabidi achinjwe. Dereva hakusimama, lakini watu wawili waliokuwa karibu waliisoma namba ya lori na jina la kampuni lililoandikwa ubavuni.

Mkulima yule hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Alifahamu kwamba aliyepatwa na hasara hana budi kuandika. Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitaja lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Lakini barua za makampuni na hati za bima mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, naye alitaka kusema na watu wale kwa lugha waliyoizoea. Alisoma shule miaka saba katika ujana wake, na tangu hapo alikuwa akijiongezea Kiingereza kidogo kidogo kwa kusoma magazeti na vitabu vya kilimo. Maneno alikuwa nayo. Aliyajua "cow", "lorry", "knock" na "road", tena aliyaandika kwa hati nzuri pasipo kosa.

Basi akaketi mezani, akafikiri kwa lugha yake: "Ng'ombe wangu, lori lenu lilimgonga." Akayafasiri maneno hayo moja baada ya moja. Ndipo alipokumbuka onyo la mwalimu wake wa zamani, kwamba katika Kiingereza neno la tendo hukaa katikati. Akalichukua "knocked" akalitia katikati, akaandika: "My cow knocked your lorry." Akainakili barua katika daftari lake, akatia sahihi, akaipeleka posta.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Kampuni ilimshukuru kwa kueleza waziwazi kwamba ng'ombe wake ndiye aliyeligonga lori. Kwa hiyo, ilisema, haidaiwi kitu chochote. Tena ingependa kujua kama mwenye ng'ombe yu tayari kulipia taa ya lori iliyovunjika.

Mzee huyo aliisoma barua ile mara tatu, na kila mara hasira ilimzidi. Binti yake alikuwa nyumbani kwa likizo, akamwita.

"Mwanangu, hebu isome barua hii. Watu hawa wananidhihaki."

Binti aliisoma, kisha akaomba kuonyeshwa nakala katika daftari. Alipoiona alinyamaza kitambo, kwa kuwa si jambo jepesi mtoto kumsahihisha mzazi wake.

"Baba, uniwie radhi," alisema mwishoni. "Hawakukudhihaki. Wameyasoma yale uliyoyaandika."

"Niliandika kwamba lori lilimgonga ng'ombe."

"La, Baba. Uliandika kwamba ng'ombe aliligonga lori."

Mzee alitazama chini. Karo ya mtoto huyu ilitoka katika maziwa ya ng'ombe yule, na sasa mtoto ndiye aliyemwambia kwamba ameipoteza haki ya ng'ombe kwa kalamu yake mwenyewe. Angeweza kumfukuza asimame nje. Lakini alivuta kiti akamwambia, "Kuuliza si ujinga. Keti unionyeshe."

Jambo lililompata mkulima huyo linawapata wengi, hata makarani waliokaa ofisini miaka mingi. Wengi hudhani kwamba kujua Kiingereza ni kujua maneno mengi, basi hununua kamusi na kuweka moyoni maneno kumi kila siku. Kazi hiyo si mbaya. Lakini maneno ni kama mawe ya kujengea. Mtu aweza kuwa na rundo kubwa la mawe uani na asiwe na nyumba. Katika Kiingereza, mahali palipowekwa neno ni sehemu ya maana yake.

Sababu yake huonekana mtu akiziweka lugha hizi mbili kando kwa kando. Katika Kiswahili, neno la tendo limebeba habari zote kifuani mwake. "Lilimgonga" ni neno moja, lakini ndani yake mmekusanyika mambo manne: "li" ya kwanza humtaja mtenda, yaani lori, "li" ya pili huonyesha wakati uliopita, "m" humtaja aliyetendwa, yaani ng'ombe, na "gonga" ni tendo lenyewe. Kwa hiyo mtu aweza kusema "Lori lilimgonga ng'ombe," au "Ng'ombe, lori lilimgonga," au "Lilimgonga ng'ombe, lori lile," na hakuna msikilizaji atakayedhani kwamba ng'ombe ndiye mwenye kosa. Linalobadilika ni mkazo tu. Mwenye kuhuzunikia ng'ombe wake humtanguliza ng'ombe, na lugha humruhusu.

Neno la Kiingereza "knocked" halina viambishi hivyo. Husema kwamba tendo la kugonga lilifanyika zamani, basi. Halimtaji aliyegonga wala aliyegongwa. Habari hiyo imewekwa katika mpango wa maneno: atangulialaye ndiye mtenda, afuataye ndiye mtendwa. Mwalimu wa zamani alisema kweli kwamba neno la tendo hukaa katikati, ila mwanafunzi wake aliishika nusu ya kanuni. Alijua mahali pa tendo, asijue ni nani wa kukaa mbele yake na ni nani wa kukaa nyuma.

Binti alikata karatasi za kalenda ya mwaka uliopita ziwe vipande vidogo. Katika kipande kimoja akaandika "your lorry", katika cha pili "knocked down", na katika cha tatu "my cow". Akavipanga mezani mbele ya baba yake.

"Baba, weka kidole juu ya kipande cha kwanza, ujiulize: nani alitenda?"

"Lori."

"Sasa kipande cha mwisho: nani alitendwa?"

"Ng'ombe wangu."

"Haya, vibadilishane mahali."

Mzee alivibadili, akaona kwa macho yake ng'ombe akiwa mtenda na lori likiwa mtendwa, wala hakuna herufi hata moja iliyobadilika. Aliguna. "Kumbe maneno ni yale yale, na kesi ni nyingine."

Kisha akauliza swali jema. "Na kama nataka kumtanguliza ng'ombe, maana ndiye aliyeniuma moyo, je, Waingereza hawana njia?"

Njia iko, nayo ni ile ile iliyo katika Kiswahili. Msemaji wa Kiswahili husema "Ng'ombe wangu aligongwa na lori lenu," akiligeuza neno la tendo kwa kutia "w", na kumtanguliza mtenda kwa "na". Mwingereza husema "My cow was knocked down by your lorry," akitia "was" mbele ya tendo na "by" mbele ya mtenda. Katika sentensi za namna hiyo lugha mbili hizi hutembea pamoja, hatua kwa hatua. Anayejifunza Kiingereza na akaona moyo wake wataka kumtaja kwanza aliyetendwa, asilazimishe maneno. Na aifuate njia hiyo iliyokwisha kulimwa.

Haifai mtu kudhani kwamba lugha moja ina akili na nyingine ni pungufu. Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi tangu mwanzo. Zama za Mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899, majina ya Kiingereza yalikuwa na miisho iliyoonyesha mtenda na mtendwa, na hata neno dogo lililotangulia jina lilibadilika umbo. Kwa sababu hiyo maneno yaliweza kuhamahama zaidi kuliko leo. Lakini sauti za mwisho wa maneno zilitamkwa kwa uzito mdogo, zikaanza kufifia hata kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kufikia zama za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, miisho mingi ilikuwa imekwisha kupotea. Kadiri miisho ilivyopotea, ndivyo mpango wa maneno ulivyozidi kuwa imara, maana lazima pawepo alama fulani ya kumtambulisha mtenda. Mabaki ya desturi ile ya kale yanaonekana hata leo katika maneno machache: mtenda huitwa "I", "he" au "they", na mtendwa huitwa "me", "him" au "them".

Wageni nao walipokuja kujifunza Kiswahili walikutana na mlima wao. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa mwaka 1850. Edward Steere alitoa kitabu cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Sehemu kubwa ya vitabu vya namna hiyo ni kueleza kwa nini husemwa "kitu kizuri kimoja" na "watu wazuri wawili", jambo ambalo mtoto wa pwani hulijua kabla ya kuota meno yote. Kila mtu hujikwaa penye kizingiti cha nyumba asiyoizoea.

Usiku wa pili, baba na binti walishughulika na maneno ya sifa. Mzee alitaka kumweleza ng'ombe wake: "ng'ombe wangu mkubwa mweusi wa maziwa". Hapa Kiingereza kilimgeuzia mambo. Katika Kiswahili jina hutangulia, sifa zikafuata. Katika Kiingereza sifa hutangulia, na jina hungojwa mwisho: "my big black milk cow". Tena sifa zenyewe zina foleni yao. Kwa kawaida maoni ya msemaji hutangulia, kisha ukubwa, kisha umri, kisha umbo, kisha rangi, kisha mahali kitu kilikotoka, na mwisho kitu kilichotumika kukitengeneza au kazi yake. Ndiyo sababu husemwa "a good old cow", wala haisemwi "an old good cow". Waingereza wengi huifuata foleni hiyo pasipo kujua kwamba ipo, kama vile Mswahili asivyofikiri anaposema "kizuri" na "wazuri".

Majina mawili yakikutana, hatari huwa kubwa zaidi. "Ng'ombe wa maziwa" ni "milk cow", lakini "maziwa ya ng'ombe" ni "cow milk" au "cow's milk". Katika Kiswahili kitu kinachotajwa huja kwanza, na katika Kiingereza huja mwisho. Mtu akiagiza dukani kwa barua na kuyageuza maneno mawili kama haya, asistaajabu akiletewa kopo badala ya mnyama.

Usiku wa tatu walifika kwenye wakati na mahali. Mzee alikuwa ameandika "Your lorry knocked down on Monday my cow." Binti alimwonyesha kwamba Kiingereza hakipendi tendo litengwe na mtendwa wake, wawili hao hukaa pamoja kama mume na mke katika safari. Mahali na wakati hufuata nyuma, na kwa kawaida mahali hutangulia wakati: "Your lorry knocked down my cow on the road on Monday." Akitaka, mtu aweza kuuleta wakati mwanzoni kabisa, "On Monday your lorry knocked down my cow," lakini asiupenyeze katikati. Ndilo kosa la yule asemaye "He speaks well English," badala ya "He speaks English well."

Usiku wa nne ulikuwa wa maswali, nao ulikuwa mgumu kuliko yote. Katika Kiswahili mtu huuliza kwa sauti tu: "Lori lilisimama." "Lori lilisimama?" Maneno hayasogei. Katika Kiingereza msaidizi "did" huitwa aje mbele, "Did the lorry stop?" naye akija hubeba wakati uliopita peke yake, ndiyo sababu haisemwi "Did the lorry stopped?" Lakini swali likiingizwa ndani ya habari nyingine, maneno hurudi katika mpango wake wa kawaida: "Why did the driver not stop?" hugeuka kuwa "I do not know why the driver did not stop." Mzee alikosea hapo mara nyingi, akacheka, akaandika tena.

Kujua kanuni na kuizoea si jambo moja. Mkulima ajua hilo kuliko wengine, kwa kuwa hakuna aliyejifunza kukamua kwa kuelezwa. Walimu wa Kiingereza waliliona zamani. Harold Palmer alichapisha mwaka 1916 kitabu chenye majedwali 100 ambamo sentensi hukaa katika safu, na mwanafunzi hubadilisha neno moja kila safari, lakini mpango wa safu haubadiliki. A. S. Hornby, aliyefanya kazi pamoja naye huko Japani, alitoa mwaka 1954 kitabu kilichoyagawa maneno ya tendo katika mifano 25 ya kupanga sentensi. Maana ya kazi yao ni nyepesi: sikio na mkono huzoea mpango kwa kuurudia, hata siku moja mpango uliokosewa huudhi sikio wenyewe, pasipo mtu kuikumbuka kanuni.

Binti alimchorea baba yake jedwali la safu nne katika daftari. Safu ya kwanza ilikuwa ya mtenda, ya pili ya tendo, ya tatu ya mtendwa, ya nne ya mahali na wakati. Kila usiku mzee aliandika sentensi tano juu ya mambo yaliyompata siku hiyo: "The rain spoiled the hay in the shed yesterday." "My neighbour bought two calves at the market on Friday." Hakuandika habari za mji asiouona wala za watu asiowajua. Kisha alibadilisha neno moja, akaisoma sentensi kwa sauti, akaifunika kwa kiganja, akaiandika tena pasipo kutazama. Sentensi tano hazichoshi mtu aliyetoka shambani. Lakini kwa majuma manane ni sentensi 280, na mtu aliyepanga sentensi 280 kwa mkono wake si yule aliyeanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Hakungoja majuma manane kuandika barua yake ya pili. Aliiandika jioni ya tano, naye binti alikaa mkabala asishike kalamu. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba barua ya kwanza ilikuwa na kosa la lugha. Kwamba ng'ombe wake mkubwa mweusi wa maziwa aligongwa na lori la kampuni, lenye namba iliyotajwa, barabarani, siku ya Jumatatu. Na kwamba mashahidi ni wawili. Kabla ya kuifunga bahasha aliweka kidole juu ya mwanzo wa kila sentensi, akajiuliza kimoyomoyo: nani alitenda? Nani alitendwa? Palipokuwa na shaka alirudia.

Safari hii jibu lilikuwa la namna nyingine. Kampuni haikukubali deni mara moja, wala haikudai tena taa ya lori. Iliomba majina ya mashahidi, na ikasema kwamba shauri litachunguzwa upya. Njia ilikuwa bado ndefu, na mzee alilijua hilo. Lakini sasa kulikuwa na shauri la kuchunguzwa, na lilikuwa shauri lake kweli, si lile alilojizulia kwa kalamu.

Shule zilipofunguliwa, binti alirudi masomoni, karo ikiwa imelipwa kwa kuuza ndama. Baba aliandika mwenyewe barua ya kuyapeleka majina ya mashahidi. Jioni aliifungua daftari penye jedwali, akaandika sentensi yake ya kwanza ya usiku huo: "My daughter taught me English in April." Aliitazama kwa makini. Aliyefundisha alikuwa mbele, aliyefundishwa alikuwa nyuma, na mzee hakuona sababu ya kuwabadilisha mahali.